Uzi maalumu: Aliou Cissé, nahodha aliyekosa penalti ya mwisho Bamako

Kiungo Mkabaji (mtoa mada)

Wakuu, heshima zenu. Juzi kwenye uzi wa makocha wazawa kuna mwenzetu aliandika kwamba nahodha mzuri hawi kocha mzuri, kwamba kuwakemea wenzako uwanjani na kupanga timu ni kazi mbili zisizojuana. Nikaanza kumjibu palepale, jibu likanenepa, nikaona nilifungulie uzi wake. Jibu langu ni mtu mmoja: Aliou Cissé wa Senegal.

Wengi wenu mnamjua kwa zile rasta na miwani, kocha anayesimama pembeni ya chaki kama mtu anayesubiri basi la mwisho. Mimi namjua kwa mkwaju wa penalti.

10 Februari 2002, Bamako, mji mkuu wa Mali, fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON). Senegal ilikuwa haijawahi kufika fainali hata mara moja. Kameruni walikuwa mabingwa watetezi, nahodha wao Rigobert Song, mbele wana Mboma na Eto'o. Dakika 120 hazikuleta bao, wakaenda kwenye matuta. Nilikuwa kidato cha pili, tumebanana kwenye banda la video hadi mabenchi yanalia. Mkwaju wa mwisho wa Senegal akaufuata nahodha mwenyewe. Akapiga, kipa Alioum Boukar akaupangua. Kameruni 3, Senegal 2.

Naomba mlishike hilo, maana kila nitakachoandika chini kinarudi pale. Mtu aliyekuja kuipa Senegal kombe lake la kwanza la Afrika ndiye huyohuyo aliyepiga mkwaju uliowanyima mara ya kwanza. Kombe lilipatikana 6 Februari 2022. Hesabuni: ni miaka 20 kasoro siku nne.

Cissé alizaliwa Ziguinchor, kusini mwa Senegal, mkoa wa Casamance, mwaka 1976. Akiwa na miaka tisa hivi akapelekwa Ufaransa, akakulia Champigny-sur-Marne, kitongoji cha nje ya Paris. Likamateni jina la hicho kitongoji, tutalihitaji baadaye. Akaanzia Lille, akapita Sedan, akaenda PSG, akatolewa kwa mkopo Montpellier, kisha England: Birmingham City na Portsmouth. Alikuwa kiungo mkabaji, na siku nyingine beki wa kati. Hakuwa nyota. Nyota wa Senegal alikuwa El Hadji Diouf, mchezaji bora wa Afrika 2001 na 2002. Fundi wa mguu wa kushoto alikuwa Khalilou Fadiga. Cissé alikuwa yule anayekimbilia mpira wenzake walioupoteza, anayekula kadi ili winga apumue. Kitambaa cha unahodha kilikuwa mkononi mwake kwa sababu hiyo, na kocha Bruno Metsu alilijua hilo.

Baada ya Bamako timu nyingi zingepasuka. Hii ikaenda Kombe la Dunia, mara yake ya kwanza, na 31 Mei 2002 mjini Seoul ikawafunga Ufaransa, mabingwa wa dunia na wa Ulaya, bao 1-0 la Papa Bouba Diop dakika ya 30. Wachezaji wa Senegal karibu wote walikuwa wakicheza ligi ya Ufaransa. Wakatoka sare 1-1 na Denmark, wakatoka 3-3 na Uruguay baada ya kuongoza 3-0 hadi mapumziko (kile kipindi cha pili sitaki hata kukikumbuka), wakaitoa Uswidi 2-1 kwa bao la dhahabu (lile la dakika za nyongeza linalomaliza mechi palepale) la Henri Camara, wakatolewa na Uturuki robo fainali, nalo lilikuwa bao la dhahabu. Nahodha katika safari yote ile, Cissé.

Naendelea, nipeni dakika.

Kona Fupi

Endelea mkuu, nimekaa mkao wa kula. Ile siku ya Ufaransa mtaani kwetu watu walishangilia kana kwamba ni Taifa Stars.

Kiungo Mkabaji

Kabla ya ukocha kuna jambo moja ambalo makala nyingi za michezo hulipitia kwa mstari mmoja.

Usiku wa 26 Septemba 2002, miezi mitatu tu baada ya Kombe la Dunia, kivuko cha Le Joola kilipinduka kwenye pwani ya Gambia kikitoka Ziguinchor kwenda Dakar. Casamance imetengwa na sehemu nyingine ya Senegal kwa sababu Gambia imepita katikati, na barabara haikuwa salama kwa sababu ya vita vya muda mrefu vya kule, kwa hiyo chombo hicho ndicho kilichokuwa njia ya watu: wanafunzi wanaorudi chuoni, akina mama wa soko na mafuta yao ya mawese, familia nzima nzima. Kilijengwa kubeba watu wasiozidi 600. Siku ile kilibeba zaidi ya mara tatu ya hapo. Waliokufa, kwa hesabu rasmi, ni 1,863. Waliookolewa ni 64.

Cissé alikuwa Birmingham, ndiyo kwanza ameanza msimu wake wa kwanza England. Alipoteza ndugu zake kadhaa katika kile kivuko.

Nimeliweka hapa kwa sababu mwaka huo mmoja ulimpa mtu huyu fainali iliyopotea mguuni mwake, robo fainali ya dunia, na msiba wa ukoo. Alikuwa na miaka 26.

Mwana wa Ziwa

Kaka, sisi wa Mwanza hilo la kivuko unatugusa. 21 Mei 1996, MV Bukoba. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka redio iliyokuwa haizimwi na jinsi mtaa mzima ulivyokuwa na matanga. Sikujua kabisa kwamba yule kocha mwenye rasta amepita hapo. Pole yake.

Mti Mkavu

Uzi mzuri, lakini mimi nitauliza swali la kichokozi. Huyu Cissé alipewa Mané, Koulibaly, Édouard Mendy, Idrissa Gueye. Kikosi kile kocha yeyote angechukua kombe. Na mpira wake ulikuwa mgumu kuangalia, timu inakaba tu inamsubiri Mané afanye jambo. Tusimpambe mtu kwa kazi ya wachezaji.

Kiungo Mkabaji

@Mti Mkavu swali halali, na hata Dakar walikuwa wakimlaumu hivyohivyo kila siku. Nitalijibu kwa historia.

Baada ya 2002 Senegal ilipotea. Kombe la Dunia 2006 hawakwenda, 2010 hawakwenda, 2014 hawakwenda. AFCON 2012 walikwenda na washambuliaji wa kuogopwa, Demba Ba, Moussa Sow, Papiss Cissé, wote wanafunga magoli Ulaya, wakapigwa mechi zote tatu za makundi: Zambia 2-1, Equatorial Guinea 2-1, Libya 2-1. Vipaji vilikuwepo, mkuu. 2015 chini ya Alain Giresse wakatolewa tena makundi. Hapo ndipo, Machi 2015, wakamkabidhi Cissé, aliyekuwa akiwafundisha vijana wa chini ya miaka 23.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kuita wenzake. Kipa wake wa 2002, Tony Sylva, akawa kocha wa makipa. Omar Daf, beki wa 2002, akawa msaidizi. Benchi likajaa watu waliokuwepo Bamako. Fikiria wewe ni kijana uliyezaliwa Ufaransa, unaingia kambini, na kila mtu mzima unayemkuta pale amewahi kulia akiwa na jezi hiyo.

Cha pili ni hao unaowataja. Koulibaly alizaliwa na kukulia Ufaransa na alichezea timu zake za vijana. Aliingia Senegal 2015, mwaka uleule Cissé alioanza. Mendy naye mzaliwa wa Ufaransa, alikuja baadaye. Kwa hiyo hatuwezi kusema alikuta meza imeandaliwa. Viti vingine alivileta yeye.

Halafu matokeo. Kufuzu AFCON 2017 walishinda mechi zote sita, kundi lilikuwa na Burundi, Niger na Namibia. Kufuzu Kombe la Dunia 2018 walipigwa Afrika Kusini kwa penalti ya ajabu, FIFA ikamfungia yule mwamuzi na kuamuru mechi irudiwe, wakaenda Polokwane Novemba 2017 wakashinda 2-0. Mpaka siku hiyo Senegal ilikuwa imecheza Kombe la Dunia mara moja tu katika maisha yake, na hii ilikuwa ya pili. Ya kwanza nahodha ni Cissé, ya pili kocha ni Cissé.

Kule Urusi, kati ya makocha 32, yeye alikuwa mweusi peke yake, na mwenye umri mdogo kuliko wote.

Nyota ya Jioni

Na akatolewa kwa kadi za njano! Hili bado linaniuma na si hata nchi yangu.

Kiungo Mkabaji

Dada umenigusa kidonda. Walishinda Poland 2-1, wakatoka 2-2 na Japani, mechi ya tatu Colombia ikawafunga 1-0 kwa kichwa cha Yerry Mina dakika ya 74. Wakalingana na Japani kila kitu: pointi nne, mabao manne ya kufunga na manne ya kufungwa, na wao kwa wao sare. Ikabaki kuhesabu kadi. Japani walikuwa nazo nne, Senegal sita. Timu ya kwanza katika historia ya Kombe la Dunia kutolewa kwa kipimo cha mchezo wa kiungwana. Wakati huohuo Japani, waliokuwa nyuma 1-0 dhidi ya Poland, walitumia dakika za mwisho kupasiana mpira nyuma ili wasipate kadi. Cissé hakulalamikia kanuni, alisema ndiyo sheria na wao walishindwa kuizingatia. Mtu aliyecheza maisha yake yote akila kadi za njano kwa ajili ya wenzake akatolewa kwa kadi mbili za njano.

Beki Tatu wa Nairobi

Ndugu zangu wa Bongo, mmesahau AFCON 2019? Kundi letu! Senegal, Algeria, Kenya na Tanzania. Sisi Harambee Stars tuliwafunga nyinyi 3-2, hilo naliweka hapa kwanza. Lakini 1 Julai tulikutana na Senegal, Mané akapewa penalti kipindi cha kwanza na Patrick Matasi akaipangua. Hapa kwetu watu waliruka hadi meza zikaanguka. Tulidhani mambo ni yetu. Kipindi cha pili wakatupiga 3-0, Mané mwenyewe mawili, moja likiwa la penalti.

Kiungo Mkabaji

Haha, hiyo 3-2 tumeimeza, endelea kuila peke yako. Nashukuru umeleta 2019 kwa sababu safari ya Senegal mwaka ule ilipita kwetu sote. Sisi Tanzania Senegal walitufunga 2-0, Keita Baldé na Krépin Diatta, na kipa wetu Aishi Manula alifanya kazi kubwa, la sivyo isingekuwa 2-0 tu. Kenya 3-0. Hatua ya 16 bora wakakutana na Uganda, wakashinda 1-0, bao la Mané.

Na hapa sasa turudi kwenye penalti. Mané alikosa dhidi ya Kenya kabla ya kufunga ile nyingine. Akakosa tena dhidi ya Uganda, Denis Onyango akaipangua. Ukirudi nyuma zaidi, robo fainali ya AFCON 2017 kule Franceville, Senegal na Kameruni (Kameruni tena!) 0-0, matuta, na aliyekosa mkwaju wa mwisho alikuwa Sadio Mané. Fabrice Ondoa aliudaka ule mpira na Mané akabaki analia.

Mwone Cissé pale. Mbele yake kuna kijana wa Casamance, maana Mané ni wa Bambali, mkoa uleule, anayelia kwa kukosa penalti ya mwisho dhidi ya Kameruni. Hakuna kocha mwingine duniani aliyekuwa na haki ya kumwambia yule kijana neno lolote kuliko yeye.

Nusu fainali ya 2019 na Tunisia, Senegal wakapata penalti, Mané hakwenda. Akaenda Henri Saivet, naye akakosa. Wakashinda 1-0 kwa goli la kujifunga la Dylan Bronn dakika za nyongeza.

Kipa Mstaafu

Mkuu, naomba niingie kama mtu wa milingotini. Penalti haiko mguuni. Nimedaka ligi daraja la kwanza miaka kadhaa, na mpigaji aliyewahi kukosa unamwona akiwa bado mita kumi. Anaangalia mpira kupita kiasi. Kumrudisha mtu huyo kwenye alama ya penalti ni kazi ya kocha, na wengi hawana ujasiri huo, wanambadilisha mpigaji yanaisha. Kwa hiyo swali langu: ilikuwaje Mané akarudi?

Kiungo Mkabaji

Nakuja huko mzee wangu, lakini kwanza fainali ya 2019, kwa sababu niliahidi Champigny.

19 Julai 2019, Cairo. Senegal na Algeria. Kocha wa Algeria ni Djamel Belmadi. Belmadi alizaliwa Champigny-sur-Marne, 25 Machi 1976. Cissé alizaliwa 24 Machi 1976 na kukulia Champigny-sur-Marne. Watoto wa mtaa mmoja, wamepishana siku moja kuzaliwa, wanasimama kwenye fainali ya Afrika kila mmoja na benchi lake. Nilipoligundua hilo nililala saa nane usiku nikisoma.

Koulibaly hakucheza, kadi. Dakika ya pili tu Baghdad Bounedjah akapiga, mpira ukamgonga Salif Sané ukapaa juu ya kipa. 1-0. Kipindi cha pili mwamuzi akaipa Senegal penalti ya mkono, akaenda kuangalia VAR, yale marudio ya video, akaifuta. Ikaisha hivyo. Fainali mbili za Senegal katika historia, mbili zimepotea, na Cissé yupo katika zote mbili.

Hapa ndipo ningependa tutulie, jamani. Miaka minne na zaidi kazini, fainali imepotea, vyombo vya habari vinasema mpira wake hauna ladha. Shirikisho la Senegal likambakisha. Kwetu angefika hata hiyo fainali? Taifa Stars walikuwa na Emmanuel Amunike, yule aliyeifungia Nigeria mabao yote mawili ya fainali ya AFCON 1994. Aliipeleka Tanzania AFCON kwa mara ya kwanza tangu 1980, tukafungwa mechi tatu, na kabla mwezi Julai haujaisha hana kazi. Sisemi alikuwa sahihi kwa kila kitu. Nasema tulimpa mechi tatu za mashindano.

Mti Mkavu

Hapo kwa Amunike nakuunga mkono. Na umenikumbusha Stephen Keshi, nahodha wa Nigeria ileile ya 1994, akachukua kombe 2013 akiwa kocha. Ni El-Gohary wa Misri tu aliyefanya hivyo kabla yake, kuchukua kama mchezaji na kama kocha. Kwa nini uzi ni wa Cissé na si wa Keshi? Huyo alishinda kote kuwili.

Kiungo Mkabaji

Keshi anastahili uzi wake, na naomba uuanzishe wewe, nitakuja. Kaifuzisha na Togo Kombe la Dunia 2006 pia, hilo watu husahau. Tofauti ninayoiona ni kwamba Keshi alirudi kama mshindi. Cissé alirudi akiwa na deni. Nahodha aliyeshinda ana neno lake la kuwaambia vijana. Nahodha aliyekosa ana lake, na mimi linanigusa zaidi, ndiyo maana nimeandika huyu.

Sasa @Kipa Mstaafu, jibu lako. AFCON ya Kameruni, Januari 2022. Mechi ya kwanza na Zimbabwe, 0-0 hadi dakika za majeruhi, penalti. Nani anaweka mpira? Mané. Akafunga, 1-0. Baada ya hapo sare mbili tasa na Guinea na Malawi, kelele zikaanza upya. Wakaitoa Cape Verde 2-0, Equatorial Guinea 3-1, Burkina Faso 3-1.

Fainali, Yaoundé, uwanja wa Olembe, na Misri ya Mohamed Salah. Dakika ya saba tu Senegal wanapata penalti. Mané anapiga kwa nguvu, kipa Abou Gabal, wanayemwita Gabaski, anapangua. Dakika ya saba! Niliinuka nikatoka nje. Mke wangu akaniuliza kuna nini, nikashindwa kumweleza kwamba namwona mtu wa 2002.

Dakika 120 bila bao. Matuta. Mohamed Abdelmonem wa Misri akagonga mwamba. Bouna Sarr wa Senegal akapanguliwa. Mendy akaupangua wa Lasheen. Ukabaki mkwaju mmoja, ukiingia kombe linakwenda Dakar. Na aliyeachiwa mkwaju huo ni yuleyule aliyekosa dakika ya saba, yuleyule aliyekosa Franceville.

Mzee, wewe umesema kumrudisha mtu kwenye alama ya penalti ni kazi ya kocha. Mané alikwenda, akapiga, 4-2. Salah alikuwa amepangiwa mkwaju wa tano na hakuupiga kabisa. Cissé, nahodha wa 2002, akawa kocha wa kwanza kuipa Senegal kombe, tena kwenye ardhi ya Kameruni. Rais Macky Sall akatangaza kesho yake iwe siku ya mapumziko nchi nzima.

Nyota ya Jioni

Nimesoma hii nikiwa kwenye daladala na machozi yananitoka, watu wananiangalia. Na baada ya wiki chache si wakakutana tena na Misri kwenda Qatar?

Kiungo Mkabaji

Naam, Machi 2022. Cairo Misri 1-0, Diamniadio Senegal 1-0, matuta tena, Salah akapaisha, Mané tena akamaliza. Wamisri walilalamika kuhusu taa za leza walizomulikwa usoni na mashabiki, na walilalamika kwa haki, ile haikuwa sawa. Shirikisho la Senegal likapigwa faini.

Qatar walikwenda bila Mané, aliumia siku chache kabla. Walifungwa na Uholanzi 2-0, wakawafunga wenyeji 3-1, halafu Ecuador 2-1, bao la ushindi la Koulibaly. Siku hiyo ilikuwa 29 Novemba 2022, miaka miwili kamili tangu Papa Bouba Diop afariki. Kwenye kitambaa cha unahodha Koulibaly alikuwa ameandika 19, namba ya jezi ya marehemu. Raundi iliyofuata England wakawatoa 3-0, na walistahili kutolewa.

Beki Tatu wa Nairobi

Mbona basi alifukuzwa?

Kiungo Mkabaji

AFCON ya Ivory Coast, Januari 2024. Makundi walishinda zote tatu, wao peke yao mashindano yale waliofanya hivyo. Mojawapo ni Kameruni 3-1 mjini Yamoussoukro, na kocha wa Kameruni siku hiyo alikuwa Rigobert Song. Manahodha wawili wa fainali ya Bamako, miaka 22 baadaye, kila mmoja akiwa ndani ya kile kisanduku cha kocha. Katikati ya mashindano Cissé aliugua akalazwa, akatoka akarudi kazini.

Hatua ya 16 bora, wenyeji. Habib Diallo akafunga dakika ya nne, Kessié akasawazisha kwa penalti dakika ya 86, na kwenye matuta Moussa Niakhaté akagonga mwamba. Senegal nje. Ivory Coast wakaenda kuchukua kombe.

Baada ya hapo watu walichoka naye. Mkataba uliisha Agosti 2024, na Oktoba shirikisho likatangaza kwamba wizara ya michezo haikukubali uongezwe. Sababu walizotoa: malengo hayakutimia, nafasi kwenye viwango vya FIFA imeshuka, na mashabiki wanaanza kuikimbia timu. Miaka tisa na nusu. Mimi naona walikuwa na haki ya kutaka sura mpya, miaka tisa ni mingi kwa timu yoyote. Namna ya kuagana ndiyo iliyonikera, tangazo la karatasi kwa mtu aliyeishika jezi hiyo tangu 1999 hivi. Machi 2025 akaenda kuifundisha Libya.

Kipa Mstaafu

Libya ileile iliyowafunga 2012. Haya. Na kiti chake kakikalia nani?

Kiungo Mkabaji

Pape Thiaw, aliyekuwa ameshachukua CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, akiwa na Senegal mapema 2023. Jina lake wengi hawalikumbuki. Tafuteni video ya Senegal na Uswidi, Oita, 16 Juni 2002, dakika za nyongeza. Kabla Henri Camara hajaanza kukimbia na ule mpira wa bao la dhahabu, kuna mchezaji anampa kwa kisigino. Huyo ndiye Thiaw. Na nyuma yake, pale katikati ya uwanja, anayekimbia na kitambaa mkononi, mnamjua.